Aliyenikalia Kiti Siku ya Mahafali

Devotha mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko hapo chumba cha pili unapiga pasi, na hali yako naijua: unaimba. Ukiimba hivyo ujue kuna nguo inaungua.

Ni saa kumi jioni. Basi lako ni kesho alfajiri. Nimejifungia huku stoo katikati ya viti vyangu, nimemwambia mama yako naandika orodha ya vitu vya harusi ya Jumamosi. Amecheka. Anauliza tangu lini Butoyi anaandika orodha, mtu aliyeacha shule darasa la tano. Mwambie sikuacha. Shule ndiyo iliyochoka.

Mambo ya kufunga begi, dawa za malaria, na wanaume wenye simu mbili atakuambia yeye, tena ameshaanza tangu Jumanne. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka saba. Ningekuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ukifunguka tu, unataka watu wacheke.

Unajua baba yako si mtu mdogo. Nimekunywa chai Bujumbura, nimelala Kahama, nimefika Tunduma nikarudi na viatu vyangu vyote viwili. Kuanzia Kibondo mpaka Kasulu hakuna turubai linalosimama bila mimi kuulizwa: viti vya Butoyi, spika za Butoyi, maneno ya Butoyi. Nimewahi kuchangamsha hata msiba, na nadhani marehemu alinivumilia. Sasa mtu wa namna hiyo, juzi ulipotusomea mezani barua uliyowaandikia watu wa chuo kule pwani, kijiko kiliniponyoka.

Uliandika hivi: “Nimechagua sanaa za jukwaani kwa sababu siku ya mahafali yangu ya darasa la saba nilimwona baba yangu, mtu asiyejua kunyamaza, amenyamaza na analia.”

Mama yako akapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje, nikasema naenda kuangalia mbuzi. Hatuna mbuzi.

Devo, sikuwepo.

Soma tena ukitaka. Siku ile sikuwepo. Na mwaka jana nilipokukatalia, nikitaka uwe nesi, ukanijibu, “Baba, si wewe ulilia kwenye mchezo wangu? Ulikuwa unalilia unesi?” nilichukua kalamu nikasaini fomu yako. Nilisaini kwa aibu, si kwa busara. Kwa hiyo kesho unapanda basi juu ya kitu ambacho sikukifanya. Naogopa ukilijua hili utarudi njiani. Naogopa zaidi usipolijua, utasimama mbele ya watu wageni ukawasimulia machozi yangu, nami nayajua si yangu.

Hebu nikupeleke asubuhi ile.

Viti vya mahafali nilivipeleka mwenyewe, bure, kwa kuwa ni wewe. Nilivipanga uwanjani, mbele ya madarasa, nikachagua changu: safu ya tatu, pembeni mwa njia, mahali ambapo mwigizaji akiinua macho lazima akuone. Bibi yako, mama yangu, nikamkalisha kiti kinachofuata. Macho yake yalikuwa yameshakuwa ya maziwa, lakini alisema atakusikia. Kwenye kiti changu nikaweka kofia yangu ya pama, ile nyeusi yenye unyoya wa kanga. Nani Kibondo haijui ile kofia?

“Mama,” nikamwambia, “nishikie kiti. Saa sita niko hapa.”

“Unaenda wapi?”

“Kasulu, mara moja.”

Aliipapasa ile kofia. Halafu akasema, “Tena Kasulu,” kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. Mimi nikacheka, nikapanda pikipiki.

Kule Kasulu, mkubwa mmoja alikuwa na sherehe na alimtaka Butoyi ashike kipaza sauti. Si fedha iliyonipeleka, wallahi. Ni kuitwa. Watu waliniita “MC! MC!” mpaka saa sita ikapita, saa saba ikapita. Kila nilipotaka kuaga, mtu alisema neno moja la kunisifu, nami nikakaa tena. Huo ndio ugonjwa wangu, nadhani umeshauona.

Yapata saa nane mchana, nikiwa katikati ya kichekesho, kipaza sauti kikafa. Spika zikavuma, zile zangu mwenyewe, nazijua kama meno yangu. Kisha ikatoka humo sauti ya mtoto wa kike, mbali, inaita polepole: “Mwanangu, uko wapi? Mwanangu, uko wapi?” Watu wakadhani redio imeingiliana. Fundi akachomoa waya wote. Sauti ikaita mara ya tatu, waya ukiwa mkononi mwake.

Hapo ndipo nilipokukumbuka.

Nilifika nyumbani saa moja jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Nimeandaa uongo wa pancha, mzuri kabisa, una misumari miwili na mzee wa Makere ndani yake. Sikuutumia. Ulinirukia mlangoni ukiwa bado umevaa kitenge cha mchezo, na majivu ya uzee kwenye nywele.

“Baba, ulipotelea wapi baada ya mchezo? Nilikutafuta! Baba, ulilia! Nilikuona!”

Mama yako, ambaye siku ile kutwa alikuwa nyuma ya shule kwenye masufuria ya pilau, akasema, “Mji mzima unasema Butoyi amelia hadharani. Na bado ukaharibu kwa utani wako.”

“Utani gani?” nikauliza.

“Si ulimjibu mtoto! Devo anaita mwanawe aliyepotea, mchezo unasema hakuna wa kumjibu, wewe ukajibu toka kwenye kiti, ‘Niko hapa!’ kwa sauti ya kitoto. Watu wakacheka wakafa. Huyo ni Butoyi tu, wakasema.”

Nikatazama ukutani. Kofia ilikuwa kwenye msumari wake.

Mwanangu, pale nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nikakohoa. Nikasema, “Ulicheza vizuri sana.” Ukanikumbatia. Ndivyo uongo wangu mkubwa kuliko wote ulivyozaliwa, nami nilikuwa sijasema hata neno moja la uongo.

Nikaenda kwa bibi yako. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia ameufumba kama anayeficha punje.

“Umechelewa,” akasema. “Mwenzako amekushikia kiti.”

“Mwenzangu nani, Mama?”

“Nilimshika mkono mchezo mzima. Watu wanasema ni wewe, na mimi nikawaacha, wana macho yao.” Akafumbua kiganja, akakipapasa. “Bado ni mdogo, mwana wanje, mwanangu. Mkono haujakua hata kidole.”

Sasa nikupe lile ambalo hata mama yako hana. Unajua mimi ni Butoyi, na kila Muha anajua kuwa penye Butoyi alitangulia Bukuru, pacha wa kwanza. Unajua alikufa mdogo kwa homa. Hujui kilichotangulia homa.

Tulikuwa darasa la pili, kule Busunzu. Siku ya wazazi, Bukuru alipewa shairi la kusema peke yake mbele ya watu wote. Mimi ndiye niliyekuwa na mdomo, yeye alikuwa na kigugumizi, lakini mwalimu alimchagua yeye kwa kuwa alilijua shairi lote na mimi nilijua vichekesho tu. Alitetemeka wiki nzima. Akaniambia, “Nitaweza kama wewe umekaa mbele. Nitakuangalia wewe tu, hao wengine nitawafanya mahindi.”

Nikamwapia. Asubuhi nikawahi benchi la mbele, nikavua shati langu nikalitandika pale kushika nafasi. Ndiyo desturi yetu mpaka leo, kitu chako kikikaa, umekaa. Nikatoka kidogo barabarani. Pale lilikuwa limesimama lori la chumvi, linaelekea Kasulu. Dereva akacheka kuniona kifua wazi: “Wewe bondia, unaenda pambano gani? Panda nikuonyeshe mji.”

Nikapanda. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa darasa letu kuiona Kasulu, na niliiona bila shati. Nilirudi siku ya pili, kwa lori jingine.

Walinisimulia wengine, yeye hakusema. Alisimama mbele ya watu, akaliangalia shati. Akaliangalia shati. Mdomo ukafunguka, neno halikutoka. Wazee wakapiga makofi kumtia moyo, neno halikutoka, mpaka mwalimu akamshika bega akamtoa. Alichukua shati kwenye benchi akalivaa juu ya lake, na hakulivua tena. Mvua hazijaisha, homa ikamchukua.

Hakunilaumu hata siku moja. Alipokuwa kitandani aliniuliza kitu kimoja tu: “Kasulu kukoje?”

Nikamweleza. Nikamwambia nyumba zake zina ngazi mpaka mawinguni, na mbwa wa Kasulu huvaa kengele, na kuna mzee anauza radi kwenye chupa. Alicheka, alicheka, nami nikaongeza. Kumbe nilichokiona Kasulu ni maduka manne na dereva aliyelewa. Hapo ndipo nilipoanza kazi yangu hii ya kuchangamsha watu, Devo. Hadhira yangu ya kwanza ilikuwa mtu mmoja, amelala, amevaa mashati mawili.

Mama yangu tangu siku hiyo, palipokuwa na ngoma au mchezo wa watoto, aliacha nafasi moja pembeni yake. Nilimtania sana. “Mama, nafasi hiyo ingekodishwa.” Baada ya mahafali yako sikumtania tena, na mwaka uliofuata tukamzika.

Ungedhani mambo yaliishia pale. Kile kiti cha mahafali, kila nikivipanga viti vyangu kimoja juu ya kingine hapa stoo, asubuhi nakikuta kimesimama peke yake mbele, kinatazama mlangoni. Nikadhani ni wewe, kisha nikadhani ni panya, nikajicheka, panya gani abebe kiti. Nimekipiga alama ya rangi nyekundu chini. Hakijakodishwa tena.

Miezi michache baadaye nilipita Kabanga, mama mmoja wa kwaya akanisalimia, “Mzee, asante kwa kukaa na sisi Jumapili ile ya mvua, wengine wote walikimbia.” Jumapili ile ya mvua nilikuwa nimelala kwangu na mguu uliovimba. Kisha Titye. Nilipeleka turubai shuleni mara ya kwanza maishani mwangu, mwalimu wao, mtu wa Tanga mwenye Kiswahili cha kuteleza, akanijia mikono miwili mbele.

“Karibu tena, Mzee Butoyi. Mwezi uliopita ulitutoa machozi.”

“Mwalimu, mimi hapa sijawahi kufika.”

Akacheka. “Utani wako nimeusikia. Kofia ile nitaikosea? Ulikaa pale, safu ya tatu. Yule binti wetu asiye na wazazi alikuimbia wewe peke yako. Tangu siku ile anasoma darasani kwa sauti.”

Nilishika nguzo ya turubai. Jua lilikuwa la saa tano, kali, watoto wanakimbia, na mimi nasikia baridi mgongoni kana kwamba mtu ameniwekea shati lililolowa.

Ndipo nilipoelewa mahali anapokaa. Hakai popote tu. Anakaa palipo na mtoto amesimama mbele za watu, anatafuta uso, na uso haupo. Anajua pale mbele kukoje.

Sasa umeelewa kwa nini baba yako, tangu wakati ule, hakosi. Watu wanasema Butoyi anapenda michezo ya watoto. Mwanzoni sikupenda, niliogopa. Nilitaka nifike kabla yake. Nikisikia shule ina ngonjera, nawasha pikipiki. Siku ya kupanda miti, kwaya ya kipaimara, maigizo ya kikundi cha afya kuhusu chandarua, sarakasi ya vijana wa sokoni ambao hawajui sarakasi. Nilikaa. Nilivua kofia nikaipakata, nisifanane naye.

Nikakosea huko pia. Shule moja mtoto wa darasa la tatu alikuwa anasema shairi, akakwama, mimi kwa kutaka kumsaidia nikarusha kichekesho. Uwanja mzima ukacheka. Mtoto akadhani anachekwa yeye, akalia, akaondoka. Kwenye kiti cha pembeni yangu, ambacho kilikuwa kitupu, nikasikia mtu anavuta pumzi, kama anayetaka kuanza neno na neno halianzi. Tangu hapo, mtoto akikwama, mimi namwangalia tu. Siinui hata nyusi. Namwangalia mpaka neno limrudie, na karibu kila mara linarudi. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na haina kipaza sauti.

Kwenye kambi ya wakimbizi, kule kwa Wakongo, yuko baba mmoja anafundisha maigizo. Mwaka juzi aliniambia, “Papa Butoyi, weye unafikaka ku spektakli, ku michezo yote ya batoto. Batoto baniulizaka, ‘Ule papa wa kofia atakuya?’ Banasema, ukikala, banacheza bila woga.” Nikamuuliza, “Wananiona niko peke yangu?” Akanitazama vizuri. “Papa,” akasema, “kwa nini unauliza ivi?”

Woga uliisha lini sijui. Nadhani ni siku ile ya kikundi cha Kasulu, wale mabinti watano walioigiza watazamaji tukiwa wanane tu kwenye viti, mvua inapiga bati mpaka hatusikii neno. Nilijikuta nimeinama mbele nikisoma midomo yao, na nikajua sijaja kumwahi mtu. Nimekuja kuona. Nilimtafuta Bukuru kwa pembe ya jicho, nikaona ningependa awepo.

Basi mwanangu, machozi uliyoyaona siku ya mahafali ni ya baba yako mkubwa, mwenye miaka minane. Aliyelia ni yule ambaye neno lilimkataa, akimwona mtoto wa ndugu yake limemkubali. Na ulipoita ukiwa na majivu kichwani, “Mwanangu, uko wapi?” hakufanya utani. Ni wewe uliyeuliza, yeye akajibu.

Nimekuwa nikiwaza kama hilo linakupunguzia kitu. Umeamua maisha yako kwa sababu mtu alikaa akakuona. Mtu alikaa, Devo. Alikuona. Ila hakuwa mimi, na pale nilipopaswa kuwa nilikuwa Kasulu nasifiwa. Ukitaka kukasirika, kasirika, unayo haki hata ya kupiga simu usiku kucha, salio nitakutumia nikupe na matusi ya kuanzia. Ukitaka kurudi, kitanda chako sitakikodisha. Lakini nilikuona mara ngapi baada ya hapo? Kidato cha pili ulipokuwa mganga wa uongo, nilikuwepo. Kidato cha nne ulipoimba ukasahau ubeti ukapiga kifua ukaanza upya, nilikuwepo, machozi ya siku hiyo yalikuwa yangu, muulize mama yako, alinipa kanga yake. Na nilichokiona hakifanani na unesi. Hii saini ya leo nakupa sasa, hapa kwenye karatasi, kwa macho yangu mwenyewe.

Pasi umeizima, nakusikia unakuja kuniita kula. Nimalize.

Kofia ya pama nimeitia kwenye begi lako, chini ya shuka. Usiivae. Siku ya mchezo wako wa kwanza huko, iweke kwenye kiti cha safu ya tatu, pembeni mwa njia, na kinachofuata ukiache wazi. Nitakuja. Aliyefika Tunduma hashindwi na pwani. Nikiingia nikakuta chenye kofia kimekaliwa, sitagombana naye. Nitakaa pembeni yake, kama nilivyomwapia siku ile.

Na kama baada ya mchezo, watu wakiwa wanatoka, utahisi mkono mdogo umekushika kidole, usivute. Atakuuliza huko kukoje. Mwambie kweli, mwanangu. Mimi za Kasulu nilimdanganya mno.

Baba yako,
Butoyi wa viti